Jibu: Minana wanaangusha viota, ni ugonjwa?

Sasa dada wa Kisumu, umesema minana, wale ndege wa kufuma viota, wamejaa kwa mwembe wako, kila asubuhi unaokota viota chini na unafikiria kukata matawi. Kwanza angalia rangi ya hivyo vilivyoanguka. Kama nyasi imekauka imekuwa kahawia na ndani hamna kitu, si ugonjwa, huyo ni dume mwenyewe amevunja. Dume ndiye hufuma, anachana ukanda mwembamba wa jani la mahindi kwa mdomo, anaufunga fundo kwa kijiti, akimaliza ananing'inia kichwa chini hapo mlangoni akipiga mabawa na kelele mingi, jike anaingia anakagua, asipopenda anaenda zake. Kiota kikishakauka majike hawakitaki tena, so dume anakibomoa anafuma kingine kibichi palepale.

Huku Nakuru nawaona wakianza kufuma mvua ndefu ikishika, Machi hadi Mei, nyasi iko laini na wadudu wa kulisha makinda ni wengi, halafu mvua fupi ikija wanarudi.

Ukipata maganda ya mayai ama kiota kimepasuliwa ubavuni hapo shuku nyoka ama mwewe.

Matawi tafadhali usikate sai. Mayai huwa 2 ama 3, yanaanguliwa kama siku 12, makinda nayo yanakaa ndani karibu wiki 3 zingine, na ukikata yote yanakufa. Ngoja mvua iishe, uchungulie kama bado kuna jike anaingia na wadudu mdomoni, ukiona kumetulia kabisa ndio upunguze.