Je, kila asiye Mwislamu ni wa Motoni moja kwa moja?

Mleta mada ameuliza mawili: kama kila anayekufa bila kuwa Mwislamu ni wa Motoni, na kama inafaa kumwombea msamaha.

Tusifichane. Kwa wanavyuoni walio wengi, tangu alipotumwa Mtume Muhammad (s.a.w.) dini inayokubaliwa ni Uislamu, na dalili yao kubwa ni Al-Imran 3:85. Aya ya 2:62, inayowaahidi ujira Mayahudi, Wanasara na Wasabai (kundi la kidini la zamani) walioamini na kutenda mema, wengi wanaifasiri kuwa ni ya waliofuata mitume wao kabla ya Mtume Muhammad. Mfasiri wa Qur'ani Rashid Rida (aliyefariki 1935) aliipa maana pana zaidi, lakini wanaomfuata ni wachache.

Ila hukumu hiyo ina sharti, na sharti lenyewe watu huliruka. Al-Israa 17:15 inasema Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka alete Mtume. Kwa hiyo swali ni: ujumbe ulimfikia vipi? Imamu Ghazali (aliyefariki 1111), katika kitabu chake Faysal al-Tafriqa, aliwagawa watu mafungu matatu. Wasiosikia hata jina la Mtume wana udhuru. Waliomjua kwa sifa na miujiza yake kisha wakamkanusha hawana. Katikati wapo waliolisikia jina lake tangu utotoni, lakini wakaambiwa kuwa ni mwongo na mzushi. Hawa akawaunga na fungu la kwanza, maana habari kama hiyo haimsukumi mtu kutafuta ukweli. Alikuwa akiwazungumzia Warumi (Wakristo wa Bizanti) na Waturuki wa zama zake, si watu wa kufikirika.

Hata Imamu Nawawi, mwanachuoni wa hadithi, anapoisherehesha hadithi ya Sahihi Muslim kuhusu Myahudi au Mnasara aliyesikia habari za Mtume akafa bila kuamini, anasema asiyefikiwa na ulinganio ana udhuru.

Kuhusu kuomba msamaha, wanavyuoni wanakataza kwa At-Tawba 9:113. Bibi yangu mzaa mama alikufa Mkristo, nami nilishika katazo hilo, ingawa liliniuma sana. Nilipomweleza sheikh wangu, alinitenganishia mambo mawili: kutomwombea msamaha ni kufuata sheria, ila kumtaja kwa jina kuwa ni wa Motoni sina ruhusa, kwa sababu sijui Uislamu ulimfikia kwa sura gani wala alikata roho akiwa na nini moyoni.