Maswali ya Wasomaji: Uwanda wa Chumvi wa Makgadikgadi

Swali: Tuko wanne, tunataka kwenda Makgadikgadi, Botswana, mwezi wa nne kwa Noah yetu kutoka Dar. Tunaambiwa uwanda ule ni mgumu kama lami. Tutafika? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Nata, mji ulio kando ya uwanda, mtafika, huko ni lami. Ndani ya uwanda, kwa Noah, hapana. Na mwezi wa nne ndio unaodanganya watu. Mvua za kule ni za Novemba hadi Machi. Ikifika Aprili juu kunang'aa, chini ni tope. Chumvi na udongo wa juu hukauka vikawa gamba, lakini udongo wa mfinyanzi ulio chini yake hauguswi na jua, hubaki umelowa. Gari likipasua gamba linakalia tumbo, na kila ukikanyaga mafuta tairi zinazidi kuchimba. Nendeni kati ya Julai na Septemba.

Noah ibaki nyumbani. Pandeni basi hadi Lusaka, mbadilishe la Livingstone, mvuke daraja la Kazungula kuingia Botswana (tangu Mei 2021 habari ya kusubiri pantoni imekwisha), kisha mkodi foowili (gari la 4x4) katika mji wa Kasane. Kutoka hapo hadi Nata ni kama kilomita 300.

Mkiwa uwandani fuateni alama za magari yaliyotangulia, hata zikizunguka. Anayekata moja kwa moja ndiye anayekwama. Palipo na rangi ya kijivu iliyokolea pana unyevu. Kabla ya kuingia punguzeni upepo wa tairi hadi PSI 20 hivi ili tairi ilale na kutandaza uzito, na muwe na pampu ya kuurudishia, kwani ukikimbia kwenye lami na upepo huo tairi huchemka na kupasuka. Foowili iwekwe mapema, si baada ya kukwama.

Gari likianza kuzama, acheni mafuta papo hapo. Abiria washuke. Ondoeni kwa sepeto tope lililoshika tumbo na lililo nyuma ya tairi. Jeki ikae juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe. Inueni tairi moja moja, msukumie mbao chini yake, kisha mtoke kinyumenyume kwa njia mliyojia, maana hiyo imeshawabeba mara moja. Matawi msiyategemee, katikati ya uwanda hakuna hata kijiti. Magari mawili ni bora kuliko moja lenye vifaa vyote.

Mkilala kisiwa cha Kubu, ule mwamba wenye mibuyu, hakuna maji wala duka. Bebeni lita 5 za maji kwa kila mtu kwa siku, na za siku mbili za ziada.

Swali: Kambi tumeshalipia kwa tarehe maalumu. Basi likiharibika au tukikwama Tunduma itakuwaje? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Siku mbili tupu kati ya kufika Kasane na usiku wa kwanza wa kambi ndiyo dawa. Mkiona mnachelewa, pigeni simu kambini siku hiyohiyo na muombe kusogezewa tarehe badala ya kurudishiwa pesa. Basi likifia upande wa Tanzania, tunzeni tiketi na mdai gari jingine au nauli. Malalamiko hupokelewa na LATRA.

Foleni ndefu ya Tunduma ni ya malori. Abiria hukwamishwa na karatasi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishachanjwa kadi ni ya maisha. Msiichanganye na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari: hiyo inafaa Zambia, ila Botswana bima hununuliwa mpakani.

Treni ya TAZARA nayo inaishia Kapiri Mposhi, si Lusaka. Hata kama tunaipenda, tarehe ya kambi msiifunge na ratiba yake. Na mkishavuka Tunduma rudisheni saa nyuma kwa saa moja.

Swali: Tunaweza kununua nyama Kasane tukachome kambini? (Msomaji, Ubungo)

Jibu: Nunueni Nata. Katikati kuna kizuizi cha mifugo, na nyama mbichi kutoka kaskazini huchukuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Hata viatu mtaambiwa mvikanyagishe kwenye dawa.