Kufundisha uchoraji kwa watu wote mtaani, Ujiji

Ndugu, kwa kuwa wewe ni mchoraji wa mabango na darasa lako litakuwa na wasioona, viziwi na wenye mikono dhaifu, usianze na rangi. Anza na mistari inayoshikika. Chora umbo kwa penseli kwenye boksi gumu, lazia juu yake uzi wa katani uliochovywa kwenye gundi ya mbao, uache ukauke usiku kucha. Ukiharakisha, uzi hung'oka vidole vikipita na asiyeona hupotea katikati ya mchoro. Mpaka wa nje utumie uzi mnene, ndani mwembamba, na usibananishe mistari: nafasi kati yake ikiwa chini ya nusu sentimita, vidole hupata shida kuitofautisha.

Kwa wenye mikono dhaifu, mpini wa brashi uviringishie mpira wa ndani wa baiskeli hadi ufikie unene wa gunzi.

Kwa viziwi, wengi hukosea kwa kueleza huku wanachora. Mtu hawezi kutazama mkono wako na mkalimani kwa wakati mmoja. Eleza, nyamaza, onyesha, subiri. Mkalimani asimame kando yako, mwanga umpige usoni. Akiwa na dirisha nyuma, alama zake hazisomeki.

Meza ya mwenye kiti cha magurudumu iwe na uwazi wa sentimita 70 hivi chini, magoti yaingie.

Na tafadhali sana, msaidizi asimshike mwanafunzi mkono kumchorea. Mkono wa msaidizi ukae chini, wa mwanafunzi juu, ili mwanafunzi aweze kuuondoa wake akitaka.