Binti wa miaka 16 na kadi ya mkopo: yaliyonikuta mimi Mtwara

Dada yangu wa Nachingwea, umeuliza hivi: binti yako wa miaka 16 anakwenda kusoma kwa mjomba wake Marekani, na mjomba anataka kumwingiza kwenye kadi yake ya mkopo aanze mapema kujenga jina la mkopaji mwaminifu. Wewe moyo unasita, na wengi wamekujibu kwamba dunia imebadilika. Mimi nakuunga mkono usite. Yaliyonikuta hayakuhitaji kadi wala Marekani.

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, umri huohuo wa binti yako. Kitambulisho cha taifa cha NIDA hana, kwa hiyo laini yake niliisajili kwa jina langu, kama inavyotakiwa kwa aliye chini ya miaka 18. Baba yake alisema mtoto keshatoka jando, ni mtu mzima, mpe simu. Nikampa. Namba ya siri aliweka mwenyewe.

Sikujua kwamba nimemfungulia na mlango wa kukopa. Kwenye pesa za simu kuna ile huduma ya kumalizia malipo salio lisipotosha. Mtandao unakuongezea, unakata ada, halafu ada inaendelea kila siku mpaka ulipe, na pesa yoyote ikiingia wanachukua yao kwanza. Alianza na bando. Ikaja nauli ya bodaboda. Mwishoni, nilivyokuja kujua, mikeka ya kubeti mpira, tena kwa jina langu mimi mama yake.

Ilikuwa mwezi wa saba, mikorosho iko kwenye maua, wakati wa kupulizia dawa ya salfa. Simu yangu ilikuwa imekufa, nikaenda kwa wakala nikamwekea mwanangu shilingi 85,000 awalipe wapulizaji shambani kwetu, upande wa Nanyamba. Iliyobaki kwenye laini ilikuwa 41,000. Siku ile hakugusa hata senti, deni lilijilipa lenyewe. Wapulizaji wamekaa chini ya mkorosho wanasubiri, mashine ni ya kukodi, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukishashika maua hauna subira. Nilikwenda kukopa kwenye kikoba chetu ili kazi isilale.

Nililia, nasema kweli. Kilichoniuma zaidi ya zile 44,000 ni kwamba bibi yangu kule Newala aliishi hivyohivyo. Miezi ya njaa anapokea pesa ya mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, korosho zingali juu ya mti, na msimu ukifika anapima kwa kopo la yule mtu, kwa bei ya yule mtu. Stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ilipoanza huku mwaka 2007, wazee wengi walifika mnadani tayari wana deni, mzigo si wao tena. Sisi watu wa Kusini tunajua mkopo unavyokula mavuno ambayo hayajavunwa. Halafu nikamkabidhi mwanangu jambo lilelile ndani ya simu bila kumwambia neno.

Baba yake alitaka simu ivunjwe. Nilikataa, kwa sababu akifika miaka 18 atapata NIDA yake na hakuna wa kumzuia. Watu wazima wenyewe wanakwama: Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni, na tunakumbuka meseji za kudhalilisha walizotumiwa ndugu na marafiki wa wadaiwa. Nikaona afadhali deni lake la kwanza la kweli adaiwe na mimi, mama yake.

Alitaka viatu vya kuchezea mpira. Nikamkopesha 40,000, arudishe ndani ya wiki nne kwa pesa ya kibarua cha kuokota korosho siku za Jumamosi. Akichelewa, ada ni 400 kwa siku. Tukaandika kwenye daftari, tukasaini, baba yake shahidi. Akachelewa siku 12. Hesabu alipiga mwenyewe: 4,800. Akaitazama ile namba, akaniuliza, "Mama, hii 4,800 nimenunulia nini?"

Sikumjibu. Niliipokea yote. Shangazi yake alininunia mwezi mzima, anasema mama gani anamtoza mwanawe. Lakini swali lile sijawahi kulisikia kwa watu wazima wengi wanaokopa kila wiki. Mara ya pili alikopa 15,000, akarudisha zikiwa zimebaki siku mbili.

Sasa kadi ya mjomba. Kule Marekani, sheria ya mwaka 2009 inazuia aliye chini ya miaka 21 kupewa kadi ya mkopo kwa jina lake, isipokuwa aonyeshe kipato chake au apate mtu mzima wa kusaini pamoja naye. Ndiyo maana wadogo huingizwa kama watumiaji wa kadi ya mkubwa. Binti atanunua, bili itakwenda kwa mjomba. Akiilipa yote kwa wakati kila mwezi, manunuzi hayana riba. Akilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza, na kadi nyingi kule zimepita asilimia 20 kwa mwaka. Chukua deni la dola 500 kwa asilimia 24: mwezi wa kwanza riba ni dola 10, kwa hiyo ukilipa dola 25 deni limepungua 15 tu. Mjomba yuko sahihi kwamba rekodi nzuri inamsaidia mtu kule akitaka kupanga nyumba au kukopa gari. Ila rekodi ya kadi ile ni ya mjomba, na yeye akichelewa doa linaweza kumfikia binti asiyejua lolote.

Mwambie kaka yako, kwa heshima, amfungulie binti akaunti ya benki yenye kadi ya kawaida, inayotoa kilichowekwa tu. Ya mkopo ingoje mpaka awe amekopa kwako na kukurudishia walau mara mbili. Miezi iliyobaki kabla ya safari inatosha.

Na laini anayotumia sasa, kama iko kwa jina lako, ichukue leo jioni, ingia kwenye menyu ya mikopo uangalie. Mimi nilichelewa miezi minne.