Mawe na matofali ya Hampton Court

Mkuu, umeuliza kwa nini kuta za Ukumbi Mkuu wa jumba la kifalme la Hampton Court, Uingereza, ni za matofali lakini madirisha yamezungushiwa mawe. Jiwe huchongeka. Fremu nyembamba na matao yale yanataka kingo safi, na tofali la kuchoma la enzi za Mfalme Henry VIII (ukumbi ulijengwa 1532 hadi 1535) lisingetoa umbo hilo kirahisi. Kwa ukuta mpana, tofali lilitosha.

Mimi huvutiwa zaidi na nguzo nene zilizoshikamana na ukuta kwa nje. Kenchi za mbao za paa hazina boriti ya chini inayofunga ukuta mmoja na wa pili, kwa hiyo zinasukuma kuta kwenda nje, na nguzo hizo ndizo zinazopokea msukumo huo.