Wasomaji Wanauliza: Keki za Mawe Kutoka Madaftari ya Wazee

Barua za safari hii, nyingi kutoka Tabora na moja kutoka Ujiji, zinahusu keki za mawe, yaani zile keki ndogo za chai zenye uso wa mparuzo na zabibu kavu ndani, ambazo asili yake ni Uingereza na ambazo walioandika wamezirithi kwa wazee wao. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Nina daftari la marehemu bibi yangu, aliyejifunza kupika katika nyumba ya mtumishi wa reli. Ameandika hivi: unga unaoumuka wenyewe aunsi 8, siagi aunsi 4, sukari aunsi 3, zabibu kavu aunsi 4, yai 1, na maziwa kidogo. Nikifuata maelezo hayo, keki hutandaa kwenye trei zikawa bapa kama chapati. Nifanyeje? (Mama wa Isevya, Tabora)

Vipimo vya bibi ni sahihi, Mama, na asitokee mtu wa kukushawishi uvibadilishe. Aunsi 1 ni gramu 28 na ushei, kwa hiyo unga ni gramu 225, siagi gramu 110, zabibu gramu 110 na sukari gramu 85. Tatizo limo katika mambo ambayo bibi hakuona haja ya kuyaandika. La kwanza ni unga wenyewe: ule alioutaja huuzwa ukiwa umeshachanganywa na beking pauda, ilhali unga wa ngano wa kawaida tunaoupimiwa dukani hauna kitu. Uongezee vijiko 2 vya chai vya beking pauda na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha uchekeche mara mbili. Wapo wanaotia hamira badala yake. Hamira hutaka donge laini, muda na uvuguvugu, na mwisho wa kazi utakuwa umepika maandazi ya kuoka, ambayo si mabaya, ila si kitu ulichokuwa unakitafuta.

La pili, na hili ndilo linalotandaza keki zako, ni majimaji. “Maziwa kidogo” katika mapishi haya ni kijiko 1 cha chakula, au 2 iwapo unga bado haujashikana, wala si nusu kikombe. Donge la keki za mawe halimiminiki. Simika uma katikati yake: ukisimama wenyewe bila kulala, umefika, ukianza kuinama, umekwisha pita, na hakuna moto utakaokurudishia ulichopoteza. Dawa pekee katika hatua hiyo ni kuongeza unga kijiko kimoja kimoja, ingawa utamu nao utapungua kidogo.

Halafu kuna joto letu. Mwezi wa Septemba na Oktoba hapa Tabora, siagi iliyoachwa mezani huwa imeshalegea kabla hujamaliza kuchekecha unga. Kama huna friji, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na uizamishe katika maji ya mtungini kwa muda wa saa nzima, kisha uikate vipande vidogo na kuifikicha ndani ya unga kwa ncha za vidole tu, kwa kuwa kiganja kina joto, huku ukiunyanyua unga juu na kuuachia uanguke, mpaka upate chenga zinazofanana na za mkate mkavu. Ufikichaji huu una maana yake. Chenga za siagi zilizofunikwa na unga huyeyuka ndani ya oveni wakati ambapo unga unaozizunguka umeanza kushika, na hapo ndipo keki hupata ule mkatiko wake. Siagi iliyoyeyuka mapema huulowesha unga wote, na keki hutambaa. Sukari na zabibu huingia baada ya chenga, yai lililopigwa na maziwa huja mwisho, na kuanzia hapo usikande. Tumia uma mbili kuweka mafungu kwenye trei na uyaache na ncha zake, maana ncha hizo ndizo zinazokauka na kugeuka kahawia. Oka kwa nyuzi joto 200 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20.

Babu yangu alikuwa mpishi. Katika karatasi zake ameandika “unga wa mayai, kijiko 1”. Ni kitu gani hicho, na leo niweke nini? (Mwalimu, Kitete, Tabora)

Mwalimu, karatasi hiyo ina harufu ya Vita Kuu ya Pili. Keki za mawe ni za zamani kuliko vita hivyo, lakini Wizara ya Chakula ya Uingereza ilizihimiza wakati ule kwa sababu zinahitaji mayai na sukari kidogo kuliko keki nyingi. Mgawo wa siagi na sukari ulianza nchini humo Januari 1940, na mgawo wa vyakula haukumalizika kabisa hadi 1954. Kwa kuwa mgao wa kawaida ulikuwa kama yai moja kwa mtu kwa wiki, serikali iligawa pia unga wa mayai yaliyokaushwa kutoka Marekani. Kijiko 1 cha chakula cha unga huo kilikorogwa na vijiko 2 vya maji, na mchanganyiko huo ulihesabiwa kuwa yai 1.

Kwa hiyo weka yai 1 bichi. La kuku wa kienyeji linatosha kabisa, na kwa kuwa ni dogo, huenda likakuachia nafasi ya kijiko kimoja cha maziwa. La kuku wa kisasa lipige pembeni, umimine robo tatu yake, utazame donge, ndipo uamue kama sehemu iliyobaki inahitajika. Mara nyingi haihitajiki.

Asali tunayo tele nyumbani. Naweza kuitumia badala ya sukari? (Dada wa Ipuli, Tabora)

Unaweza, dada yangu, lakini usiondoe sukari yote. Asali iliyoiva ina maji yanayokaribia asilimia 18, kwa hiyo kila kijiko unachotia ni majimaji yanayoingia kwenye donge ambalo halikutaka majimaji. Isitoshe, chembe za sukari ndizo zinazoupa uso wa keki ule ukavu unaolia kinywani, ilhali asali huvuta unyevu hewani, na keki yake huwa laini kesho yake. Katika gramu 85 za sukari, toa nusu, uweke vijiko 2 vya chakula vya asali ya nyuki wakubwa, uache maziwa kabisa, na upunguze moto hadi nyuzi 180, kwani asali huungua upesi. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi zaidi na uchachu wake. Hiyo ibaki kwa matumizi mengine. Kwangu mimi, kuitia kwenye oveni ni kuiharibu.

Zabibu kavu ni ghali. Naweza kutumia maembe? (Msomaji wa Ng'ambo, Tabora)

Mabichi hapana, kwa sababu ile ile ya majimaji. Yaliyokaushwa juani ndiyo, yakikatwa vipande vyenye ukubwa wa zabibu. Karanga zilizokaangwa na kupondwa nazo zinafaa sana.

Huku kwetu mawese ni rahisi kupata kuliko siagi. Mama mkwe anasema keki haziwezi kukubali mawese. Je, ni kweli? (Mama wa Ujiji, Kigoma)

Mheshimu mama mkwe, lakini zinakubali. Jambo la kuzingatia ni kwamba siagi si mafuta matupu: takribani asilimia 80 yake ni mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, wakati mawese ni mafuta karibu yote. Ukiweka gramu 110 za mawese mahali pa gramu 110 za siagi, keki zitavuja mafuta kwenye trei. Gramu 90 zinatosha, na hapa maziwa yanaruhusiwa kufika vijiko 2, ili kufidia maji ambayo siagi ingeyaleta. Hali ya mawese ni muhimu zaidi kuliko uzito wake. Yachote alfajiri, yakiwa yameganda nusu na kuwa mazito, uyafikiche kabla jua halijapanda, kwa sababu mawese yaliyoyeyuka yatakutendea yale yale yaliyompata Mama wa Isevya. Rangi itakuwa ya machungwa, na hilo usilipiganie. Harufu ndiyo inayowagawa watu: mawese mapya yana harufu nyepesi ambayo kungumanga na ganda la limau lililoparuzwa huiweka sawa, lakini yaliyokaa muda mrefu huacha ukakasi kooni usiofichika kwa kiungo chochote. Anza na nusu mawese nusu siagi, umpe mama mkwe aonje kabla hujamwambia.

Sina oveni. Nikioka kwa mkaa, chini huungua na juu hubaki mbichi. (Kijana wa Cheyo, Tabora)

Umeweka moto mwingi chini, kijana. Chukua sufuria nzito, tandaza ndani yake mchanga mkavu wenye unene wa vidole viwili, upashe moto kwanza, kisha weka trei ndogo juu ya vijiwe vitatu ili isigusane na mchanga. Theluthi moja ya mkaa ikae chini, na theluthi mbili juu ya mfuniko wa bati. Kabla ya kuoka, nyunyiza unga kidogo kwenye trei tupu: ukigeuka kahawia taratibu, moto unafaa, ukiungua papo hapo, punguza. Usifunue kabla ya dakika 12, maana kila ukifunua unatoa joto ambalo mkaa utachukua muda kulirudisha.

Nataka kuuza keki hizi asubuhi karibu na stesheni. Nioke usiku? (Mama lishe, Tabora)

Usioke usiku, Mama. Keki za mawe zina mafuta na sukari kiasi kidogo kuliko keki nyingine, kwa hiyo hukauka upesi, na iliyolala ni ngumu kweli kweli. Usiku fikicha unga, beking pauda na siagi, ongeza sukari na zabibu, uufunike mchanganyiko huo ukiwa mkavu na uuweke mahali pa baridi. Alfajiri washa mkaa, piga mayai, changanya na uoke. Yai na maziwa visiingie mpaka moto uwe tayari, kwa sababu beking pauda huanza kufanya kazi mara inapolowa, na donge likisubiri nusu saa jikoni, sehemu ya nguvu yake huwa imeshapotea kabla keki hazijaingia motoni.