Kiitaliano cha ufukweni hakitoshi: kwa anayeanza opera kutoka Malindi

Kijana wa Malindi hashangai kusikia Kiitaliano. Amekisikia hotelini, dukani na ufukweni tangu utotoni, na wengine wanakizungumza vizuri bila kukaa darasani hata siku moja. Kwa anayetaka kuimba opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, huo ni mtaji mkubwa. Ila Kiitaliano cha kuuzia vinyago si cha kuimbia, kwa hiyo anza na ulimi kabla hujahangaika na ukubwa wa sauti.

Kiswahili kimekupa vokali tano safi, zisizopinda katikati. Wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza huzihangaikia hizo miaka. Kazi iliyobaki ni konsonanti zinazorudufiwa, na vokali e na o. "Note" ni noti za muziki, "notte" ni usiku. Kwenye neno la pili ulimi ukae juu ya t kabla ya kuachia. Aliyesoma chuo cha Kurani asipate taabu: hiyo ni shadda, alama ya herufi iliyorudufiwa, ichukulie kama unavyoichukulia kwenye Kurani. Kisha e na o zina sura mbili, ya wazi na ya kubana. "Pesca" kwa e ya wazi ni tunda la pichi. Ukiibana ni uvuvi. Andika alama juu ya kila e na o kwenye nakala yako kwa penseli, ukitazama kamusi, kabla hujaimba noti hata moja. Ukishazoea kosa kwenye wimbo, kuling'oa huchukua miezi.

Kijerumani nacho hakikwepeki. Kh ya "Nacht" (usiku) unayo tayari mdomoni kutokana na Kiarabu. Tatizo ni mazoea yetu ya kufunga neno kwa vokali, "nakhti". Ikate pale pale kwenye t. Kwa ü, weka midomo ya u na ulimi wa i, usivichezeshe.

Kuhusu pumzi, lala chali sakafuni, weka kitabu kizito juu ya tumbo, vuta hewa kwa hesabu 4 kitabu kipande, kisha toa kwa "sss" iliyo sawa mwanzo mpaka mwisho. Sekunde 20 zatosha kwa kuanzia. Lenga 40, ukiongeza mbili tatu kila wiki. Ukishaweza, fanya ukiwa umesimama. Hapo ndipo watu huharibu: mabega hupanda wakati wa kuvuta, na mbavu huanguka mara tu sauti inapoanza, basi koo linalazimika kubeba mzigo wote. Mbavu zibaki zimetanuka mpaka karibu na mwisho wa sentensi. Waitaliano huita kazi hii "appoggio", yaani kuegemea.

Opera haitumii maikrofoni, na mwimbaji anasimama mbele ya okestra nzima. Anasikika kwa sababu nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na sauti iliyofunzwa huwa na mng'ao karibu na 3,000, mahali ambapo ala hazina nguvu. Kwa hiyo kupiga kelele hakusaidii. Kinachosaidia ni koo lililo wazi, kama mwayo unapoanza, na hewa isiyovujia puani. Jipime: imba "a" ndefu, ziba pua kwa vidole viwili. Sauti ikibadilika, pua inahusika. Kwenye taarabu pua hiyo ni utamu, wala usiiache. Tenga siku zake. Ukichanganya vyote kwenye saa moja, koo halijui lifuate lipi.

Kila asubuhi pasha sauti kwa mrija: tumbukiza ncha sentimita 2 au 3 ndani ya maji, uvumishe ngazi za noti, kupanda na kushuka, taratibu kwa dakika 5, viputo vitoke sawasawa. Vikikatikakatika, pumzi yako imekatika. Mazoezi ya kuimba yawe dakika 20 mara mbili kwa siku, yasiunganishwe. Muguka na miraa hukausha kinywa na koo, viache. Asali na tangawizi hazigusi nyuzi za sauti, kwani chakula kina njia yake. Kunywa maji mapema, saa kadhaa kabla ya kuimba. Na usile biriani ukalala: asidi hupanda usiku, ukaamka na sauti nzito.

Usichukue aria nzito, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera, kwa kuwa una sauti nene ukiwa na miaka 19. Sauti kubwa hukomaa baada ya 30.

Video ya kuombea chuo irekodiwe mara moja bila kukata, simu imelala, mita 2 au 3 kutoka kwako, uso na mikono vionekane. Zima marekebisho ya sauti ya simu, maana hubana noti kubwa na kumfanya msikilizaji adhani huna nguvu. Tafuta mpiga kinanda halisi hata kama ni wa kanisani. Vyuo vingi havitaki muziki uliorekodiwa. Kwa usaili wenyewe, tayarisha aria 5, katika lugha tatu angalau.

Si lazima uanzie Ulaya. Pretty Yende, mwimbaji wa opera wa Afrika Kusini, alisomea Cape Town kwanza, kisha Milano, na 2013 akaimba Metropolitan Opera ya New York. Ukichagua Italia, mwombaji wa kutoka nje ya Ulaya hujiandikisha kupitia Universitaly, tovuti ya serikali ya Italia, ndipo aombe visa. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza euro 1,500 kwa muhula. Lakini visa hudai akaunti iliyofungwa, yaani fedha za matumizi unazoziweka benki mapema na kuzichukua kidogo kidogo kila mwezi; tangu 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka.

Baridi ya huko haiumizi koo kama joto la ndani. Redieta, yaani vyuma vya maji moto vya kupasha chumba, hukausha hewa, na koo lililokulia kwenye unyevu wa bahari huhisi mapema. Tandaza taulo mbichi juu ya redieta kila usiku, na uilowanishe tena ukiamka.